Pindo la Gilvan

Gilvan mwenyewe alinitia pindo la koti lake mkononi, nami nikagoma kulivuta.

Nilikuwa chali kwenye mkeka, yeye amenielemea, klabu nzima imetuzunguka. Mshindi angekwenda Rio kushindana na kubaki huko mwaka mzima. Mshindwa angebaki hapa Manaus na mbu wake.

Asubuhi ile yeye ndiye aliyenifundisha kinga ya ajabu: unachomoa pindo la mpinzani, unalizungusha mguuni mwako, kisha unamfunga nalo kama mzigo wa kuni. Nani humfundisha adui yake siku ya pambano? Tena adui kama mimi, niliyemfulia mkanda wake kwa siri, na sisi watu wa jiujitsu, mieleka ya makoti na mikanda, tunajua kwamba mkanda ukifuliwa, ujuzi wote humwagika na maji!

Basi nililishika pindo lile zito, lenye jasho na harufu ya sabuni ya nazi, kwa heshima anayopewa nyoka.

"Vuta," akanong'ona.

"Unanitegea nini?"

"Sikutegei. Vuta, ukaione Rio."

"Mbona huruma nyingi hivyo?"

"Unachelewa, bwana! Vuta, shemeji!"

Akajiuma mdomo. Masikio yake, yaliyovimba kama maandazi kwa miaka ya kusuguliwa mkekani, yakaiva mekundu.

Niligeuza shingo. Dada yangu, ambaye hawezi kuvumilia harufu ya jasho, alikuwa amekaa benchi la mbele, amepaka rangi ya mdomo.

Rio nilikuwa naiota tangu nikiwa natambaa.

Nikakifungua kidole cha kwanza, pindo likaanza kuniponyoka.