Darubini ya Sikuzani

Darubini zilikuwa mbili. Fupi ilionyesha vitu wima. Ndefu ilionyesha kila kitu kichwa chini, miguu juu. Mwenye duka alisema ndefu ndiyo ya nyota, maana nyota hazina juu wala chini. Sikuzani akaikumbatia palepale.

Baba yake akaijaribu mlangoni. Kiooni alimwona mgambo akija, buti zake zikikanyaga mawingu ya Tabora. Akacheka. Kisha buti zikazidi kuwa kubwa, naye akaishusha darubini haraka. Ulikuwa mwaka wa vita, na ng'ambo ya barabara palikuwa na kambi ya jeshi.

“Unapeleleza nini, ndugu?”

“Namchagulia mtoto, afande. Aangalie nyota.”

“Nyota, mchana huu?”

Mgambo aliujaza mlango, na duka halikuwa na mwingine. Akaitwaa darubini, akaielekeza kambini, akafumba jicho moja.

“Mbona bendera ya taifa iko kichwa chini?”

Baba akafungua mdomo, lakini Sikuzani alishamtangulia, uso umemchangamka.

“Shikamoo, mjomba. Tumeitaka hivyohivyo, makusudi!”