Faneli ya Mama Kiangi

"Mama Kiangi, hiyo si faneli!"

Namsifu alisimama mlangoni, mikono kichwani. Kibomba chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, alichopewa na wafadhili walipomfundisha ukunga, alichokisahau hapa jana, kilikuwa kimechomekwa kwenye chupa, kinapitisha mafuta ya alizeti.

"Mbona yanapita vizuri tu?"

Namsifu akacheka, akakifuta, akakiweka juu ya tumbo la Nakijwa, mkwe wa Mama Kiangi. Akasikiliza, akapapasa. Kicheko kikaisha.

"Mtoto amelala kimshazari. Twende hospitali leo."

"Atazalia hapa," alisema Mama Kiangi, mkunga wa jadi. "Mikono hii imepokea nusu ya mji."

"Mama, mimi naogopa," alisema Nakijwa.

"Lete sikio, mama," Namsifu akamwambia Mama Kiangi.

Mama Kiangi akainama huku amenuna. Mara mdomo ukabaki wazi. Watoto wote wale aliowapokea, na hakuwahi kumsikia hata mmoja kabla hajazaliwa.

Akatoa sikio, akaweka mdomo kwenye kibomba kilichonukia alizeti.

"We mjukuu," alinong'ona, "ni mimi bibi yako. Tulia humo humo. Navaa kanga, tunakwenda."

Kisha akarudisha sikio, akangoja jibu.