Mkono wa Kushoto

Kiharusi kiliuacha mkono wa kulia wa Bi Shemsa ukining'inia kama kitambaa kilicholowa. Daktari alisema ubongo ni kama shamba: njia inayopitwa kila siku hufunguka, isiyopitwa huota majani. Basi binti yake, Tunu, akaweka sinia la ugali katikati yao.

“Nile kwa kushoto? Mimi?”

“Kula, mama. Ubongo haujui adabu, unajua mazoea tu.”

Bi Shemsa akamega tonge. Likamponyoka, likaangukia mapajani. Hapo akakikumbuka kile kipande cha kanga alichomfungia Tunu mkono wa kushoto kila wakati wa kula, mpaka mtoto akazoea kula kwa kulia kama wenzake.

Akainua macho. Tunu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa akila kwa kulia, na mkono wa kushoto ameukalia.

“Utoe, mwanangu.”

“Nitoe nini?”

“Mkono. Kula nao.”

Tunu akacheka, kisha akajitazama. Hakujua kwamba ameukalia. Mkono ukatoka taratibu, ukasimama karibu na ule wa mama, yote miwili juu ya mvuke wa ugali.