Rimu za Shemeji

Tunu alipopata habari kwamba gari la mumewe limepelekwa gereji, aliiacha eda akaenda huko. Gari la marehemu lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Fundi alikuwa anatoboa matundu mapya kwenye habu, pale rimu inapofungwa kwa nati, kwa kuwa rimu alizoleta shemeji yake Tunu, Makame, zilikuwa za nati tano na gari lilikuwa la nati nne.

"Nani kakuruhusu kulitoboa gari la mume wangu?"

"La kaka yangu hili, shemeji," Makame alijibu bila kugeuka. "Rudi ndani ukakae eda."

Tunu akainua rimu moja mpya, akaibingirisha mteremkoni. Watu wakaipisha. Makame akaikimbiza akipiga kelele. Alipotazama nyuma, Tunu, nguo zake nyeupe zimejaa grisi, alikuwa ameshainamia ya pili.