Kidole Kisichojua Uongo

Kishindo kililia mlangoni mwa chumba, kisha kimya. Ndani ya kabati la nguo, mwalimu mstaafu alijiziba mdomo kwa mtandio asije akacheka.

Ujanja huo aliujua. Daktari alipomwamuru mumewe afanye mazoezi kwa ajili ya moyo, mzee alikataa katakata. "Nitembee bila pa kwenda, nimekuwa kichaa?" Ndipo wakaanza kucheza kujificha, nyumba nzima, juu na chini, anayeshindwa anaosha vyombo. Mzee akanogewa. Juzi alijitupa sakafuni akijifanya amezimia. Mkewe akatoka mbio, akakamatwa.

Hapo ndipo alipomgundua: mzee akidanganya, kidole gumba cha mguu humcheza.

Alichungulia kwenye ufa wa mlango wa kabati. Mzee alikuwa amelala chali, miguuni viatu vya mazoezi, vipya, alivyomnunulia yeye mwenyewe ili asiteleze.

"Mzee, inuka, nimeshakuona."

Akakitafuta kidole gumba kwa macho; kiatu kilikificha.

"Haya, vyombo naosha mimi. Inuka basi."

Kifua hakikupanda. Lakini kubana pumzi mzee alikuwa fundi.

Alitoka kabatini, akapiga magoti, akashika kamba za kiatu. Asubuhi alizifunga kwa mkono wake, fundo juu ya fundo. Fundo likagoma, akalifungua kwa meno.

Kiatu kikatoka. Akaivuta soksi, akakiinamia kile kidole.

"Cheza," akakiambia.