Tundu la Pili

Magesa, askari wa wanyamapori, alimgeuza ngiri aliyemuua kwenye shamba la mihogo. Ubavu wa kulia ulikuwa na tundu la risasi. Wa kushoto nao ulikuwa nalo.

“Risasi moja tu, afande!” alishangilia mama mwenye shamba.

Magesa akafungua bunduki na kuzitazama risasi zilizobaki. Risasi za ncha laini hutanuka na kubaki mwilini mwa mnyama. Hizi zilikuwa ngumu, za kupenya, alizoziweka jana kumpigia kiboko kule ziwani Nkome, na alikuwa amesahau kuzibadilisha.

Nyuma ya mihogo, kikundi cha wanawake kilikuwa kikilima na kuimba tangu asubuhi, mkewe akiongoza. Magesa akatega sikio.

“Afande,” mama akauliza, “mbona wenzetu wameacha kuimba?”