Mpokezi Wangu Kombo

Kazini kwetu hakuna anayechoka tena. Sheria inamtaka kila mfanyakazi avae kikuku kinachomwondolea hasira, hofu na uchungu wote na kumpelekea mpokezi wake aliyeandikishwa, aliyeko nyumbani. Hakivuliwi mpaka mkataba uishe. Mpokezi wangu ni mume wangu, Kombo. Alijitolea mwenyewe, akasema kwani yeye ana kazi gani.

Leo mteja mmoja wa bima alinitukana kwenye simu asubuhi nzima, matusi ya nguoni. Nilimjibu kwa upole huku nikinywa chai, na msimamizi akanipigia makofi.

Niliporudi nilikuta mlango wa mbele umeng'oka. Kombo alikuwa ameketi sakafuni katikati ya sahani zilizovunjika, mikono imejaa damu na manyoya. Jogoo wa jirani alikuwa amelala miguuni pake, shingo imenyongwa.

"Nilidhani namuua huyo mtu aliyekuudhi leo," alisema. "Mpaka alipoacha kutapatapa."

"Rehani yuko wapi?"

"Nimemfungia chumbani, ufunguo nikautupa juu ya paa. Alikuwa analia, Siwema, na mikono yangu ikaanza kumtafuta."

Nyuma ya mlango wa chumbani mwanangu Rehani aliniita. Nilingoja hofu inipande. Nilitaka sana kupiga yowe.

Kikuku kikapata joto. Yowe likamtoka Kombo. Akanyanyuka, akauvamia mlango wa chumbani kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili, mbao zikaanza kupasuka.

Mimi nikachukua ufagio, nikaanza kuzoa vipande vya sahani.